Nani Mwenye Mawimbi? Mafunzo ya Historia ya Redio ya Chuo Kikuu cha Wisconsin

UTANGULIZI

Mwananchi anapofungua redio husikia sauti ya mtu. Hasikii leseni, hasikii bajeti, wala hasikii nguvu ya mtambo. Ndiyo maana wengi wetu tunapozungumza juu ya redio huzungumza juu ya watangazaji: wanasema nini, lugha yao ikoje, wanapiga muziki gani. Hayo ni mambo ya maana, lakini ni mambo ya pili. Jambo la kwanza ni umilikaji. Nani amepewa mawimbi? Amepewa saa ngapi? Nani anamlipa? Na msikilizaji je, ni mteja wa kuuziwa sabuni, au ni mwananchi anayejenga nchi yake?

Mawimbi ya redio yanafanana na ardhi kwa namna tatu. Hayakutengenezwa na mtu yeyote. Yana kikomo. Na anayegawiwa sehemu humzuia mwingine asiitumie, maana vituo viwili vikinguruma katika masafa mamoja mahali pamoja hakuna kitakachosikika sawasawa. Sisi tuliokwisha kukubali kwamba ardhi ni mali ya umma hatupati shida kuelewa kwamba mawimbi nayo ni mali ya umma. Linalotakiwa kuchunguzwa ni jinsi mali hiyo inavyoweza kutoka mikononi mwa umma bila risasi kupigwa, kwa kalamu tu na kwa jina la sheria.

Kwa ajili ya uchunguzi huo tumechagua kituo kimoja: redio ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, nchini Marekani. Tumekichagua kwa makusudi. Marekani ni ngome ya ubepari, na wengi hudhani kwamba redio ya nchi hiyo ilizaliwa ikiwa mali ya makampuni. Historia inaonyesha vingine. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa vyuo vikuu vya umma, na vilinyang'anywa nafasi yao katika mapambano ambayo tarehe zake zinajulikana na kura zake zilihesabiwa.

CHUO KIKUU KATIKA JIMBO LA WAKULIMA

Wisconsin ni jimbo la kaskazini, linalopakana na Ziwa Michigan na Ziwa Superior. Ardhi yake walinyang'anywa wenyeji wa asili. Hata mji wa Madison, chuo kikuu kilipo, umejengwa juu ya ardhi ya watu wa Ho-Chunk, ambao mkataba wa mwaka 1832 uliwaondolea haki yao. Baada ya hapo makampuni ya mbao yaliingia katika misitu ya misonobari ya kaskazini. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa yameifyeka karibu yote, yakaondoka na magogo na faida, yakaacha visiki. Ardhi hiyo ya visiki wakauziwa wahamiaji maskini kutoka Ulaya kama mashamba. Wengi walishindwa.

Kusini mwa jimbo walikuwako wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Hao walizalisha kila siku bila kujua bei ya kesho, maana bei ilikuwa mikononi mwa wanunuzi, na nauli ya kupeleka mali sokoni ilikuwa mikononi mwa makampuni ya reli. Ugomvi huo wa kimasilahi ndio uliozaa vuguvugu la mageuzi lililomwingiza Robert La Follette katika ugavana mwaka 1901. Katika kipindi hicho hicho Charles Van Hise, aliyekuwa rais wa chuo kikuu kuanzia 1903 hadi 1918, alitangaza kwamba hataridhika mpaka faida ya chuo ifike katika kila nyumba ya jimbo. Msimamo huo ukaitwa Wazo la Wisconsin.

Hatusemi kwamba huo ulikuwa ujamaa. Njia kuu za uchumi zilibaki mikononi mwa wachache, na lengo la wanamageuzi lilikuwa kuusafisha ubepari, si kuuondoa. Hata hivyo ni lazima tuupe uzito unaostahili. Chuo kilichokubali kwamba bwana wake ni mkulima anayelipa kodi kilikuwa tayari kuitumia redio kwa ajili ya mkulima huyo kabla mtu yeyote hajagundua kwamba hewa inaweza kuuzwa.

MTAMBO ULIOTENGENEZWA KWA MIKONO

Kituo cha majaribio kilichojulikana kwa alama ya 9XM kilikuwa chini ya Profesa Earle Terry wa idara ya fizikia. Mwishoni mwa mwaka 1916 kilianza kupeleka habari za hali ya hewa kwa alama za Morse. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 vituo vya kiraia vilifungwa, lakini 9XM kiliruhusiwa kuendelea na majaribio pamoja na jeshi la majini.

Kutuma alama kwa waya au bila waya lilikuwa jambo la kawaida wakati ule. Kutuma sauti ya mtu lilikuwa jambo lingine. Lilihitaji valvu za kioo zenye nguvu, ambazo hazikuwa zikipatikana dukani. Terry na wanafunzi wake walizitengeneza wenyewe katika maabara: wakipuliza kioo, wakifunga nyuzi ndani, wakitoa hewa, kisha wakizijaribu. Nyingi ziliungua. Mmoja wa wanafunzi hao, Malcolm Hanson, baadaye alikuwa fundi wa redio katika msafara wa Byrd kwenye bara la Antaktika.

Tarehe 3 Januari 1921 habari za hali ya hewa zilianza kutangazwa kila siku kwa sauti. Tutafakari jambo hilo. Kipindi cha kudumu cha redio hii hakikuwa tangazo la biashara wala burudani ya matajiri. Kilikuwa habari inayomsaidia mkulima kujua kama avune leo au angoje, na mfugaji ajue kama baridi kali inakuja. Mwezi Januari 1922 kituo kilipewa jina la WHA. Muda mfupi baadaye idara ya masoko ya serikali ya jimbo ilianzisha kituo chake, WLBL, mjini Stevens Point, kwa kazi ya kutangaza bei za mazao. Mkulima aliyesikia bei kabla mnunuzi hajafika mlangoni hakuwa tena mkulima yule yule wa jana.

MABEPARI WANAINGIA HEWANI

Wakati Terry akipuliza kioo, makampuni makubwa ya umeme na simu yalikuwa yakikusanya hataza. Mwaka 1919 iliundwa kampuni ya RCA chini ya General Electric, na muda si mrefu AT&T na Westinghouse zikaingia katika mapatano ya kugawana uvumbuzi. Mwanzoni makampuni hayo yalitaka kuuza mashine za redio tu. Lakini mwezi Agosti 1922 kituo cha AT&T mjini New York kiliuza dakika kadhaa za hewa kwa kampuni ya majumba iliyotaka wapangaji na wanunuzi. Hapo ndipo siri ilipofichuka: mashine huuzwa mara moja, bali masikio ya msikilizaji yanaweza kuuzwa kila siku. Mwaka 1926 RCA ikaunda NBC, na mwaka 1927 mtandao uliokuja kuwa CBS ukazaliwa.

Tangu hapo mawimbi yalikuwa na bei, na kila chenye bei chini ya ubepari hutafutiwa mwenyewe. Sheria ya mwaka 1927 iliunda Tume ya Redio ya nchi nzima na kuiagiza igawe leseni kwa kufuata masilahi ya umma. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini nani atakayesema masilahi ya umma ni yapi?

Jibu lilitolewa mwezi Novemba 1928, tume ilipopanga upya vituo vyote. Ilitenga masafa 40 yasiyo na mwingiliano, yaani kila moja liwe na kituo kimoja chenye nguvu kubwa usiku kwa nchi nzima. Masafa hayo yaliyonona yakawa ngome ya mitandao ya biashara. Vituo vya vyuo vikuu vilisukumwa katika masafa yaliyojaa, vikalazimishwa kugawana saa na vituo vya biashara, vikahamishwa mara kwa mara, na vingi vikapewa ruhusa ya kutangaza mchana tu. Kampuni iliyotaka saa za chuo iliweza kufungua shauri mbele ya tume. Chuo kililazimika kuajiri mawakili na kusafirisha mashahidi mpaka Washington. Kampuni ilihesabu gharama hiyo kuwa mtaji. Chuo kiliitoa katika fedha za kufundishia. Hakuna aliyekifunga kituo cha chuo kwa kufuli. Kilichoshwa tu mpaka kikajifunga chenyewe.

Lililo muhimu zaidi kwa wanafunzi wa itikadi ni hoja iliyotumika. Katika taarifa yake ya mwaka 1929 tume ilisema kwamba kituo kinachoishi kwa matangazo ya biashara kinamhudumia kila mtu, kwa kuwa hakina mlengo, lakini kituo cha chama cha wafanyakazi, cha dini au cha kundi lenye shabaha maalumu ni kituo cha propaganda. Tazama mambo yalivyogeuzwa. Mwenye duka akitangaza dawa ya meno kutwa nzima, hana mlengo. Wafanyakazi wakieleza kwa nini mshahara hautoshi, wana mlengo. Hii ndiyo kazi ya itikadi ya tabaka linalotawala: kuyafanya masilahi yake yaonekane kuwa hali ya kawaida ya dunia, na masilahi ya wengine yaonekane kuwa ushabiki.

Matokeo yanapimika. Kati ya mwaka 1921 na 1936 taasisi za elimu za Marekani zilipewa leseni 202. Mwishoni mwa 1936 zilikuwa zimebaki 38.

KURA YA MWAKA 1934

Walimu hawakukaa kimya. Mwaka 1930 waliunda kamati ya kitaifa ya kutetea elimu kwa redio, nayo ikadai asilimia 15 ya mawimbi itengwe kwa ajili ya elimu. Mwaka huo huo liliundwa baraza jingine, lililogharimiwa na fedha za Carnegie na Rockefeller, likiwashauri walimu waachane na madai ya kumiliki, washirikiane na mitandao na kuomba nafasi katika vituo vya makampuni. Kwa hiyo palikuwa na mistari miwili: mstari wa haki na mstari wa hisani.

Mistari hiyo ilipambana katika Seneti mwezi Mei 1934, wakati wa kutunga sheria mpya ya mawasiliano. Maseneta Wagner wa New York na Hatfield wa West Virginia walipendekeza robo ya mawimbi itengwe kwa ajili ya mashirika yasiyofanya biashara ya faida. Chama cha wenye vituo vya biashara kilifanya kampeni kali ya kuipinga robo hiyo. Pendekezo likashindwa kwa kura 42 dhidi ya 23. Tume mpya iliagizwa kulichunguza suala hilo; mitandao ikafika mbele yake na kuahidi kwamba itawapa walimu muda wa kutosha bure. Mwezi Januari 1935 tume ikaripoti kwamba hakuna haja ya kutenga mawimbi.

Ahadi hiyo ilitimizwa kwa namna ambayo kila mpangaji anaijua. Saa za elimu zilitolewa pale ambapo hazikuwa na mnunuzi. Mnunuzi alipopatikana, mwalimu alihamishwa. Hisani hudumu mpaka mwenye mali atakapoihitaji mali yake. Haki haiondoki kwa sababu mtu amepanda bei.

VIPINDI VYA WHA

WHA kilinusurika. Kilinusurika kwa sababu kilikuwa na jambo ambalo vituo vingine vingi vya vyuo havikuwa nalo: wananchi waliokizoea kiasi cha kukiona chao, na serikali ya jimbo iliyokubali kukigharimia. Terry alifariki mwaka 1929. Mwaka 1931 uongozi ulichukuliwa na Harold McCarty, na katika majira ya vuli ya mwaka huo ilianzishwa Shule ya Hewani.

Katika shule nyingi za vijijini za Wisconsin mwalimu mmoja alifundisha madarasa yote katika chumba kimoja. Hakuweza kuwa mtaalamu wa muziki, wa uchoraji na wa elimu ya viumbe kwa pamoja. Shule ya Hewani ilimletea wataalamu hao darasani. Profesa Edgar Gordon alifundisha kuimba kwa redio tangu 1931 hadi 1955. Watoto walijifunza nyimbo zile zile kila mmoja katika shule yake, wasijuane; kisha katika tamasha la kila mwaka walikusanyika Madison kwa maelfu, wakaimba pamoja chini ya mwalimu waliyekuwa wakimsikia tu. Kuanzia mwaka 1936 James Schwalbach alifundisha uchoraji kwa redio. Jambo hilo huonekana kama mzaha mpaka mtu afikiri: mwalimu asiyeweza kuonyesha picha humlazimisha mtoto achore anachokiona kwa akili yake, wala hapati cha kunakili.

Kwetu sisi kipindi chenye mafunzo makubwa kuliko vyote ni kile cha Wakelin McNeel, aliyejulikana kwa watoto kwa jina la Ranger Mac, kilichoanza mwaka 1933 na kudumu miaka zaidi ya 20. McNeel alifundisha habari za miti, udongo, ndege na maji. Alikuwa pia mpiganiaji wa misitu ya shule, ambapo watoto walipewa ardhi ya kupanda miti wao wenyewe. Tukumbuke visiki vya kaskazini. Makampuni yalikuwa yamevuna msitu wa karne nyingi kwa muda wa maisha ya mtu mmoja. Sasa watoto wa wale waliouziwa visiki waliitwa na redio ya umma watoke nje ya darasa, wakachimbe mashimo na kurudisha msitu. Kipindi hicho hakikuishia masikioni. Kilifika mpaka kwenye jembe.

Mambo mengine ya vipindi tutayataja kwa ufupi. Palikuwa na saa ya wakulima na saa ya kina mama wa nyumbani, ambapo wataalamu wa chuo walieleza malisho, magonjwa ya mifugo, chakula na malezi. Kozi za chuo zilitangazwa kwa yeyote mwenye redio, bila ada. Vitabu vilisomwa hewani sura baada ya sura. Kipindi hicho kilichoanza zamani hizo kimeendelea hadi zama zetu.

Mwaka 1932, katikati ya unyonge wa uchumi, vituo viwili vya umma vya Wisconsin vilifanya jambo ambalo vituo vya biashara visingelifanya: vilitoa muda wa bure kwa vyama vya siasa kueleza sera zao kabla ya uchaguzi, wakiwemo Wasoshalisti, ambao wakati huo ndio waliokuwa wakiongoza mji wa Milwaukee. Katika vituo vya biashara mwanasiasa alisikika kwa kadiri ya fedha zake. Hapa alisikika kwa sababu wananchi walikuwa na haki ya kumsikia. Hata jengo ambalo redio ilihamia mwaka 1934 lilikuwa nyumba ya zamani ya mitambo ya joto ya chuo, iliyokarabatiwa kwa nguvu za wafanyakazi wasio na ajira waliowekwa katika kazi za umma.

MCHANA WA UMMA, USIKU WA WAFANYABIASHARA

Hata hivyo WHA kilikuwa na ruhusa ya kutangaza mchana tu. Wasomaji wasidhani hilo ni jambo dogo. Mawimbi ya masafa ya kati husafiri mbali zaidi usiku, kwa kuwa tabaka la juu la anga huyarudisha ardhini. Kwa hiyo vituo vidogo vilinyamazishwa jua likizama ili visiingilie vile vikubwa. Na Wisconsin mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mkulima aliporudi kutoka zizini, akala, akakaa karibu na moto, saa yake ya kwanza ya mapumziko ilikuta redio yake ya umma imelala. Iliyokuwa macho ni ile ya wauzaji. Umma ulipewa saa ambazo mfanyakazi yuko kazini. Mabepari walichukua saa ambazo mfanyakazi ana nafasi ya kufikiri.

Mwaka 1938 jimbo liliomba lipewe masafa ya kilohezi 670, yaliyokuwa yakitumiwa na kituo cha NBC mjini Chicago, ili lijenge mtambo wa wati 50,000 wa kusikika jimbo zima usiku na mchana. Halikufanikiwa.

Mlango ulifunguka kwa njia nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilianza kuenea teknolojia ya FM, ambayo makampuni yalikuwa bado hayajaithamini. Mwaka 1945 serikali ya Marekani ilitenga sehemu ya chini ya masafa ya FM kwa elimu isiyo ya biashara. Kile kilichokataliwa mwaka 1934 katika masafa yenye faida kilikubaliwa katika masafa yasiyo na faida. Wisconsin haikungoja. Ilianza na kituo cha FM cha Madison mwaka 1947, na kufikia mwaka 1952 ilikuwa na mnyororo wa vituo 8 vya FM vya umma, ukilifikia jimbo karibu lote. Kwa mara ya kwanza Shule ya Hewani na saa ya wakulima hazikutegemea tena kuzama kwa jua.

Mwaka 1967 Rais Johnson alitia saini sheria ya utangazaji wa umma. Muswada wenyewe ulikuwa umelenga televisheni, na redio iliongezwa baadaye kwa juhudi za watu wa vituo hivi vya vyuo. Mwaka 1970 iliundwa NPR, redio ya taifa ya umma, ikiwa na vituo wanachama 90, na tarehe 3 Mei 1971 ikaanza kipindi chake cha habari cha kila jioni. Mtu aliyeandika dira yake, Bill Siemering, alikuwa amekulia karibu na minara ya WHA na kuisikiliza Shule ya Hewani akiwa mwanafunzi wa shule ya kijijini. Baadaye aliunda shirika la kusaidia redio ndogo za kijamii, zikiwemo za Afrika. Mbegu iliyopandwa na redio moja ya chuo ilisafiri mbali.

Lakini suala la nani analipa halikumalizwa. Fedha za serikali kuu ziliendelea kutegemea upepo wa siasa wa Washington, na vituo vikaegemea zaidi michango ya wasikilizaji na ya makampuni wahisani. Mwezi Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta kiasi cha dola bilioni 1.1 kilichokuwa kimekwisha kuidhinishwa kwa ajili ya redio na televisheni za umma, na mwezi uliofuata shirika lililoundwa kwa sheria ya 1967 lilitangaza kwamba linafunga shughuli zake. Tuhuma iliyotumika ilikuwa ile ile ya mwaka 1929: kwamba redio ya umma ina mlengo. Miaka karibu 100 imepita na hoja haijabadilishwa hata nguo.

UZOEFU WETU

Tanzania ilipita njia nyingine. Redio yetu haikuanzishwa na chuo. Ilianzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1951 mjini Dar es Salaam. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, shirika la utangazaji lilivunjwa na redio ikawa chombo cha serikali, Radio Tanzania. Suala la nani mwenye mawimbi lilijibiwa mapema. Lililobaki lilikuwa: yatumikeje, na nani atakayeandaa elimu ya kuyajaza?

Hapo ndipo chuo kikuu kilipoingia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo hadi mwaka 1975 ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haikuwa na kituo chake cha redio. Ilikuwa na jambo jingine: vikundi vya kusikiliza. Ilianza na Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, juu ya Mpango wa Pili wa Maendeleo. Ikafuata Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na Wakati wa Furaha mwaka 1971, Uhuru ulipotimiza miaka 10. Mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 wakashiriki kwa muda wa wiki 12. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasomewa kijitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Mwaka 1975 Chakula ni Uhai ilifuata njia hiyo hiyo.

Tukilinganisha tunaona kila upande ulikuwa na nusu ya jibu. Wisconsin walimiliki kituo lakini walinyimwa usiku. Sisi tulikuwa na usiku na mchana, lakini kampeni zetu zilikuja na kuondoka. Kati ya moja na nyingine vikundi vingi vilisambaa, na sehemu ya gharama ilitegemea msaada wa nje. Wao walikuwa na kipindi cha miaka 20 juu ya miti. Sisi tulikuwa na wiki 12 juu ya afya ambazo ziliinua mamilioni. Redio ya umma iliyokamilika ingekuwa na vyote viwili: udumifu wao na umma uliojipanga wa kwetu.

MAFUNZO

Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 hewa ya Tanzania imefunguliwa kwa watu binafsi, na vituo ni vingi. Vyuo vikuu vyetu navyo vimepata redio zao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Mlimani Redio. Kwa hiyo historia tuliyoieleza si ya watu wa mbali. Tunapendekeza redio ya chuo cha umma ipimwe kwa maswali matatu.

Kwanza, haki yake ya mawimbi imeandikwa wapi? Kama imo katika sheria, ni haki. Kama imo katika wema wa afisa au wa kampuni, ni hisani, nayo ina siku zake za kuisha.

Pili, nani analipa? Redio ya chuo inayoambiwa ijitafutie matangazo ya biashara ili iishi haitachukua muda kuanza kupiga muziki ule ule wa vituo vya biashara, maana anayelipa ndiye anayechagua wimbo. Kujitegemea si kujiuza. Bajeti ya redio ya chuo cha umma ihesabiwe pamoja na maktaba na maabara, kwa sababu kazi yake ni hiyo hiyo.

Tatu, msikilizaji amejipangaje? Hili ndilo kubwa kuliko yote. WHA kiliponea kwa wananchi waliojua kwamba kikifa watapungukiwa. Mtu ni Afya ilifaulu kwa sababu mwisho wa kipindi watu hawakuzima redio na kulala. Waliulizana kesho tunaanza na nyumba ya nani. Profesa anayezungumza peke yake hewani, hata akisema kweli tupu, bado hajafundisha. Afundishe, kisha wasikilizaji wamjibu, na jibu lao lirudi hewani na kubadili kipindi kijacho.

Makada wetu, walimu wetu na wanafunzi wa vyuo wana kazi ya kufanya hapa, na haingoji mtambo mpya wala fedha za wafadhili. Matawi yapo. Shule zipo. Redio za mkononi ziko katika kila kijiji. Tuanze kwa kuunda upya vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefundishwa, ratiba inayojulikana na daftari la maazimio. Kisha tuzidai redio za vyuo vyetu zitutengenezee vipindi vinavyostahili vikundi hivyo. Umma unaodai ndio utakaoyalinda mawimbi yake. Sheria peke yake haitoshi kuyalinda, kwa kuwa, kama tulivyoona, mawimbi ya umma wa Marekani yalichukuliwa na sheria yenyewe.